Nani apendwe kwanza: namna ya kuutumia mpango wa Thomas Aquinas

Kwa mwalimu au mwanafunzi wa dini wa Unguja na Pemba anayeulizwa "mzazi, mke au mtoto?", jibu la Thomas Aquinas (1225–1274), mwanateolojia wa Kikristo, limo katika kitabu chake Summa Theologiae, nusu ya pili ya Sehemu ya Pili (Secunda Secundae), swali la 26, lenye vifungu 13. Usiende kutafuta orodha moja ya kukariri.

Ngazi za juu ni nyepesi: Mungu, kisha roho yako, kisha jirani, kisha mwili wako. Maana yake, usitende dhambi ili umfae mwenzako. Lakini wokovu wake unautangulia mwili wako.

Kazi iko kwa majirani. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande wa kwanza andika heshima: baba humtangulia mtoto, kwa kuwa ndiye chanzo cha uhai wako. Upande wa pili andika ukaribu: mtoto humtangulia baba, maana ni kipande chako mwenyewe. Mke naye hupendwa kwa nguvu zaidi, wazazi kwa heshima zaidi. Wengi huharibikiwa hapa: wanazijumlisha pande mbili wapate mshindi mmoja. Ziache mbali mbali, kila moja inajibu swali lake.

Kifungu cha 10 kisomwe kwa tahadhari. Baba anawekwa juu ya mama kwa sababu Thomas aliamini, kwa kumfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba mama hutoa malighafi tu na baba ndiye mtendaji wa uzazi. Elimu hiyo imeshaanguka, na hoja imeanguka nayo.

Sasa haja. Umeuza karafuu Wete, una shilingi 100,000 za ziada. Baba anataka kubadilisha bati lililoanza kutu. Mgeni asiyekujua yuko hatarini kufa kwa kukosa nauli ya kufikishwa hospitali. Swali la 31 la kitabu hicho hicho, kifungu cha 3, linasema mwenye dhiki ya kufa anaweza kutangulizwa, hata mbele ya baba asiyebanwa hivyo. Bati litangoja.

Na wakiwa wawili sawasawa kwa shida na kwa ukaribu, na kitu hakigawanyiki? Augustino, askofu na mwanateolojia wa Kikristo aliyefariki mwaka 430 na ambaye Thomas alimtegemea sana, alijibu wazi: piga kura. Vikaratasi viwili, jina moja moja, vikunjwe sawa, achote mtu asiyehusika.