Begi halikutokea ukitua ugenini: jinsi ya kuomba fidia, kwa wanaosafiri kutoka Mbeya, Iringa na jirani

Ndege imetua, uhamiaji wameshagonga muhuri, mkanda wa mizigo umezunguka mpaka umesimama, na begi lako halipo. Hapo abiria wengi wa kwetu hufanya jambo sahihi: huenda dawati la mizigo wakajaziwa ripoti. Kisha hukaa kusubiri wakiamini wameshadai. Hawajadai. Ripoti ile, inayoitwa PIR, ni ya kutafutia begi tu. Dai la fidia ni andiko jingine, lina siku zake, na siku zikipita haki inakufa hata kama ile karatasi ya uwanjani bado unayo. Hatua hiyo ndiyo inayowagharimu watu fedha, kwa hiyo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Kwenye kaunta, kabla ya yote

Soma tagi begi likiwa bado kwenye mizani. Kila uwanja una herufi tatu: Songwe ni MBI, Dar es Salaam ni DAR, Guangzhou ni CAN, Istanbul ni IST. Ukiwa unaenda Guangzhou na tagi imeishia DAR, begi litashukia Dar na kubaki hapo. Usione haya kuuliza: "Samahani dada, naomba uniangalizie, mzigo huu umeandikwa mpaka wapi?" Ni swali la nusu dakika, na wahudumu wamelizoea.

Mara nyingi tagi huishia Dar kwa sababu tiketi ni mbili: ya ndani umekata kivyake, ya kimataifa kivyake. Kwa tiketi mbili, kazi ya shirika la kwanza inaisha pale tagi yake inapoishia. Inabidi utoke na begi Dar, uhamie jengo la tatu la abiria, ukalipimishe na kulikabidhi upya. Tiketi ikiwa moja kutoka Songwe mpaka mwisho wa safari, kipande cha Songwe hadi Dar kinahesabiwa kisheria kuwa sehemu ya safari ya kimataifa, na ulinzi wake ni uleule. Kwa mwenye mzigo wa thamani, tiketi moja inafaa hata ikizidi bei kidogo.

Acha pia nafasi ya kutosha Dar. Ukungu na mvua za nyanda hizi huchelewesha ndege ya asubuhi, na abiria anaweza kukimbia akawahi ndege ya pili huku begi lake likiachwa.

Stika ndogo unayobandikiwa kwenye bodingi pasi au pasipoti ina namba kumi. Ipige picha hapohapo. Piga picha begi lenyewe pande zote, kisha lililofunguliwa, vitu vikionekana. Bandua tagi za safari za zamani, maana mashine husoma yoyote itakayoikuta. Ndani, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, anwani ya unakokwenda, namba ya simu na barua pepe. Tagi ikichanika njiani, karatasi hiyo ndiyo itakayosema begi ni la nani.

Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi ndani ya begi linaloingia tumboni mwa ndege. Zikionekana kwenye mashine, begi linawekwa kando ili lifunguliwe, na muda ukibana linaachwa. Vyeti vya shule, barua ya chuo, dawa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, fedha na kompyuta vikae begi la mkononi.

Wanaobeba shangazi kaja waangalie jambo moja zaidi. Mfuko ule ukionekana dhaifu, mhudumu anaweza kukupa tagi ya kusaini inayosema shirika halitawajibika mzigo ukipasuka kwa sababu ya ufungaji. Soma kisanduku kilichotikiwa. Kama kimetikiwa cha ufungaji mbovu na mfuko umeufunga vizuri kwa kamba, omba kiondolewe kabla hujasaini.

Ukitua na begi halipo

Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Ukishavuka forodha, kurudi ndani ni kazi kubwa. Zaidi ya hapo, sheria inachukulia kwamba aliyepokea mzigo akaondoka bila kulalamika ameupokea ukiwa salama, na kuthibitisha vinginevyo baadaye inakuwa juu yako. Angalia kwanza mkanda wa mizigo mikubwa, kisha mabegi yaliyoshushwa na kupangwa pembeni. Likiwepo linalofanana na lako lakini namba ya tagi siyo, mwambie mhudumu mara moja: pengine mwenzako ameondoka na la kwako.

Dawati la kwenda ni la shirika lililokuleta kwenye kituo cha mwisho, hata kama tiketi uliuziwa na jingine. Wakikuambia nenda kwa wale wa ndege ya kwanza, kaa palepale kwa upole na uombe wafungue faili. Utaratibu wa mashirika yenyewe ni kwamba aliyekufikisha mwisho ndiye anayeandika.

Watakuonyesha mchoro wa aina za mabegi na rangi zake. Chagua kwa uangalifu, kwa sababu mfumo wa kutafutia mizigo unaotumiwa na mashirika mengi duniani hulinganisha rangi na umbo kwa namba za msimbo. Begi la bluu iliyokolea likiandikwa jeusi linaweza kukaa ghalani wiki nzima bila kuoanishwa na faili yako. Wakiuliza kilichomo, "nguo" haisaidii kitu, maana kila begi lina nguo. Taja vya pekee: kitenge cha njano chenye picha za tausi, kilo tano za mchele wa Kyela kwenye mfuko mweupe, majani ya chai ya Tukuyu. Begi lisilo na tagi hutambuliwa kwa vitu vya namna hiyo.

Hakikisha mambo haya kwenye karatasi kabla hujaondoka:

- Namba ya faili yenye herufi na tarakimu kumi: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, kisha tarakimu tano, mfano CANXX10234.
- Aina ya faili: AHL kwa begi lisilofika, DPR kwa lililoharibika au kuibiwa vitu ndani. Faili ikifunguliwa vibaya, dai litakwama mbele.
- Namba ya simu inayopatikana kule uliko. Laini ya nyumbani isiyo na huduma nje ya nchi ni sawa na kutoandika namba. Weka ya mwenyeji wako, na barua pepe unayoifungua kila siku.
- Anwani kamili ya kupelekewa. Mwanafunzi, jina la chuo peke yake halitoshi. Andika bweni, chumba, mtaa na namba ya posta.

Uliza pia kama wanatoa fedha au vifaa vya kuanzia. Wengine wanavyo na hawavitoi mpaka vitajwe. Kama begi lina kufuli, waulize forodha wa nchi hiyo watalifunguaje likifika bila wewe.

Parachichi za Rungwe na Njombe zinahitaji neno lake. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka cheti cha afya ya mimea kwa matunda mengi, parachichi likiwemo, na nyama na maziwa kutoka kwetu haziruhusiwi kabisa. Hata pale panaporuhusiwa, tunda lililooza kwa begi kuchelewa ni shida kulidai, kwa sababu shirika litasema limeharibika kwa asili yake, na Mkataba wa Montreal, sheria ya kimataifa tutakayoieleza mbele, unaliruhusu kusema hivyo.

Matumizi ya siku za kusubiri

Nunua unachohitaji kweli na utunze kila risiti. Anayetua Beijing mwezi wa Januari na koti liko kwenye begi ana haki ya kununua koti. Sweta la Uyole halifui dafu kwa baridi ile. Asiyekuwa na koti tangu mwanzo asitegemee kununuliwa. Mashirika mengine hulipa nusu ya bei kwa kitu utakachobaki nacho, na yote ya sabuni, mswaki na nguo za ndani. Risiti za karatasi ya mashine hufifia, zipige picha siku ileile, na kando yake andika kwa Kiingereza kilichonunuliwa kama risiti iko kwa Kichina au Kituruki.

Dai lenyewe

Sheria inayokulinda ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Tanzania ni mwanachama, kama zilivyo China, India, Uturuki, Marekani, Falme za Kiarabu na nchi za Umoja wa Ulaya. Ibara ya 31 inataka lalamiko la maandishi. Begi likifika limeharibika au limeibiwa vitu, una siku 7 tangu ulipolipokea. Likifika limechelewa, una siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Usipoandika ndani ya siku hizo, huwezi tena kulishitaki shirika, isipokuwa kama lilifanya udanganyifu.

Kwa hiyo usisubiri begi lipatikane ndipo uandike. Ndani ya siku chache za kwanza tuma barua pepe kwenye idara ya madai ya shirika na ujaze fomu ya tovuti yao pia kama ipo. Weka jina, namba ya tiketi, namba ya tagi, namba ya faili, tarehe na namba za ndege, kisha useme wazi kwamba unadai fidia chini ya Mkataba wa Montreal na utaongeza vielelezo. Neno "nadai" liwepo. Barua inayouliza tu "begi langu limefikia wapi" inaweza kuhesabiwa kuwa ni ufuatiliaji. Tunza nakala na jibu la kupokelewa. Kupiga simu hakuhesabiki, hata ukiongea na msimamizi.

Begi lililoletwa, lifungue mbele ya aliyelileta kama inawezekana. Uzito uliopimwa kaunta umo kwenye kumbukumbu za shirika. Likirudi pungufu kwa kilo tatu, tofauti hiyo ni ushahidi.

Siku 21 zikipita tangu siku ambayo begi lilipaswa kufika, sheria inakuruhusu kulidai kama lililopotea. Hapo watakutumia fomu ya orodha: kila kitu, kilinunuliwa lini, wapi, kwa bei gani. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoumia, kwa sababu nguo imenunuliwa Mwanjelwa bila risiti, suti imeshonwa na fundi, na viatu aliletewa na shemeji. Ukinunua vitu vya safari, omba risiti ya EFD. Kwa fundi, mwombe aandike kwa mkono: kitambaa, bei, tarehe, jina na simu. Muamala wa simu uliolipia nguo nao ni kielelezo. Bei andika za kweli. Wakaguzi hupunguza thamani kwa umri wa kitu, na kimoja kilichotiwa chumvi huwafanya watilie shaka orodha yote.

Kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa kila abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani, hupanda na kushuka. Ni kikomo, kwa hiyo utalipwa hasara uliyoithibitisha tu. Na kinahesabiwa kwa abiria, si kwa begi: mwenye mabegi matatu ana kikomo kimoja. Familia ikisafiri pamoja, kila mtu mzigo wake uandikwe kwa jina lake. Mfanyabiashara mwenye mali inayozidi hapo anaweza kutamka thamani ya mzigo kaunta na kulipia ziada, na kikomo kikapanda mpaka thamani aliyoitamka.

Wakikurusha huku na huku

Kwa safari ya mashirika mawili au zaidi kwenye tiketi moja, Ibara ya 36 inakuruhusu kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule aliyekuwa na begi lilipopotea. Tuma barua moja kwa wote na uwaunganishe kwenye barua pepe ileile, ili kila mmoja aone mwenzake ameandikiwa. Kwa mzazi aliyebaki Mbeya wakati mtoto yuko ng'ambo, shirika litataka barua ya idhini iliyosainiwa na msafiri, pamoja na nakala ya pasipoti yake.

Wasipojibu, au wakikataa bila sababu, lalamiko linaweza kupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, likiwa na nakala za mawasiliano yote. Kwanza lazima uonyeshe kwamba shirika uliliandikia. Mahakamani una miaka 2 tangu siku uliyopaswa kufika. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Tanzania, mwisho wa safari kisheria ni Tanzania, hivyo kesi inaweza kufunguliwa hapa hata kama begi lilipotelea Istanbul.

Malipo huja kwa benki. Toa akaunti yenye jina linalolingana na pasipoti herufi kwa herufi, pamoja na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako kimataifa. Kabla ya kulipa watakuletea hati ya makubaliano. Isome mpaka chini: nyingi zinasema ukisaini umemaliza madai yote. Kama kiasi walichoandika ni cha matumizi ya kusubiri tu na begi bado halijapatikana, rudisha hati, uombe iandikwe kwamba ni malipo ya awali, ndipo usaini.