Jinsi ya kutazama Iron Bowl ukiwa Arusha, kuanzia saa ya kuanza hadi bodaboda ya kurudi

Iron Bowl ni mechi ya futiboli ya Marekani kati ya Chuo Kikuu cha Alabama, cha mjini Tuscaloosa, na Chuo Kikuu cha Auburn. Vyote viko katika jimbo moja la kusini, Alabama, na jimbo hilo halina timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya kila mtu, hata ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo chochote. Fikiria Simba na Yanga zinazokutana mara moja tu kwa mwaka: anayefungwa hubeba maneno ya majirani miezi kumi na miwili.

Ukipanga mapema, usiku huu unatazamika vizuri Arusha au Moshi. Wanaoshindwa huwa wamekosea saa, au wamekusanya watu wasiojua kinachoendelea uwanjani. Tuanze na saa.

Tarehe na saa

Mechi huchezwa Jumamosi inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani mwisho wa wiki ya sikukuu yao ya Shukrani. Imewahi kuchezwa Ijumaa pia, kama mwaka 2009 na 2010, kwa hiyo thibitisha kabla hujawaambia watu. Mwaka unaogawanyika kwa mbili mechi huwa Tuscaloosa, kwenye uwanja wa Bryant-Denny unaoingiza zaidi ya watu 100,000. Mwaka usiogawanyika huwa Auburn, uwanja wa Jordan-Hare.

Wengi huteleza kwenye kubadilisha saa. Jimbo la Alabama linafuata saa za Kati, lakini matangazo ya televisheni za Marekani huandika saa za Mashariki. Tena Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mtu aliyezoea kuongeza saa 7 kwenye mechi za Oktoba atafika saa nzima kabla ya wakati. Mwishoni mwa Novemba ongeza saa 8 kwenye saa za Mashariki, au saa 9 kwenye saa za Kati. Usichanganye hizo mbili.

Kwa saa zetu inakuwa hivi. Mechi ya saa 6 mchana wa Mashariki ni saa 2 usiku Arusha. Ya saa 9:30 alasiri, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mechi hii, ni saa 5:30 usiku. Ya saa 1:30 usiku kwao ni saa 9:30 usiku kwetu, Jumamosi kuamkia Jumapili. Hiyo ya mwisho ni heri ulale kwanza, uamke.

Saa 5:30 usiku inakaa vizuri kwa banda umiza. Mechi ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza siku ya Jumamosi kwa kawaida huanza saa 2:30 usiku na kuisha karibu na saa 4:30. Watu wanatoka, una saa nzima ya kupanga viti upya. Mechi ikipangwa saa 2 usiku, usibishane na wa Arsenal na Manchester United. Tafuta runinga nyingine.

Picha, umeme na bando

Wiki ya mechi, angalia ratiba za chaneli za michezo kwenye king'amuzi chako, wala usidhani kwamba kwa kuwa waliwahi kuonyesha futiboli ya vyuo basi na hii wataonyesha. Kama utatumia intaneti, hesabu saa tatu na nusu kamili. Picha ya 480p itakula takriban GB 3, ya 720p takriban GB 6. Weka GB mbili zaidi kwa muda wa nyongeza. Kama unategemea bando la usiku, soma linaanza saa ngapi: likianza saa 6, nusu saa ya kwanza ya mechi itakula bando lako la kawaida.

Novemba ni vuli. Mvua kubwa hukata mawimbi ya dishi hata kama limefungwa sawasawa, na dishi lililolegea hukatika hata kwa manyunyu. Kaza nati mchana, angalia kiwango cha mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi, na uwe na simu yenye bando kama akiba. Umeme nao uuandae: LUKU yenye uniti za kutosha, na UPS ndogo kwa ajili ya king'amuzi na ruta. Umeme ukikatika sekunde mbili tu, king'amuzi kitachukua dakika kadhaa kuwaka tena, na kwenye mechi hii dakika hizo zinaweza kuwa ndizo zilizoamua matokeo. Chini ya bati, mvua itazima sauti ya mtangazaji. Spika moja ya pembeni inatosha.

Wafundishe wageni wa mchezo kwa vizibo vinne

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mtu asiyejua sheria ataona watu wanaangukiana, wanasimama, wanaangukiana tena, na saa 6:30 ataaga. Sheria unayohitaji kumpa kabla ya mechi ni moja.

Weka vizibo vinne vya soda mezani. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Kila jaribio likiisha, ondoa kizibo kimoja. Wakivuka yadi 10, rudisha vizibo vyote vinne, wanaanza upya. Vizibo vikiisha kabla hawajavuka, mpira ni wa wapinzani pale pale ulipo. Kwenye skrini mstari wa njano unaonyesha wanapotakiwa kufika, na maandishi kama 3rd & 7 yanamaanisha jaribio la tatu, zimebaki yadi 7. Mwachie mgeni mwenyewe aondoe vizibo. Baada ya robo moja hatavihitaji tena.

Kizibo kikibaki kimoja ndipo akili inapofanya kazi. Wakiwa mbali, huupiga mpira kwa teke kuwaachia wapinzani, ili waanzie nyuma kabisa. Wakiwa karibu, hupiga teke kupitisha mpira katikati ya nguzo, wanapata pointi 3. Wakiwa na ujasiri, au hawana namna, wanajaribu kuvuka. Kuuingiza mpira eneo la mwisho, tachidauni, ni pointi 6. Kisha teke dogo huongeza 1, au huchezwa jaribio la kuingiza tena kwa pointi 2.

Waliozoea NFL waambie tofauti tatu. Chuoni, mchezaji aliyeshika mpira akigusa chini kwa goti, jaribio limeisha hata kama hakuna aliyemgusa. Akidaka pembeni, mguu mmoja ndani unatosha. Na kwenye muda wa nyongeza kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka eneo la mwisho. Kuanzia nyongeza ya tatu wanabadilishana majaribio ya pointi 2 tu. Mwaka 2021 mechi hii ilifika nyongeza ya nne, Alabama wakashinda 24–22.

Mabanda yetu yamezoea watafsiri wa filamu. Mpate mmoja anayejua mchezo, umpe maiki, azungumze kabla ya jaribio na baada yake, anyamaze mpira ukiwa hai. Kati ya jaribio na jaribio kuna karibu nusu dakika, na hiyo ndiyo nafasi yake.

Historia ya kuwapa wakati wa matangazo ya biashara

Matangazo ni mengi, yatumie. Walianza kucheza Februari 1893 mjini Birmingham, Auburn wakashinda 32–22. Baada ya sare ya 6–6 mwaka 1907 wakagombana juu ya posho za wachezaji na nani achague waamuzi, na hawakucheza tena mpaka 1948. Miaka arobaini, kwa ugomvi ambao ungemalizwa kikao kimoja. Waliporudi, viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walizika shoka ardhini, ishara ya kumaliza ugomvi, katika bustani ya Birmingham, kisha Alabama wakashinda 55–0. Jina la chuma, yaani Iron, limetokana na viwanda vya chuma vya mji huo.

Mechi mbili zinafundisha sheria kuliko maelezo yoyote. Ya kwanza ni ya 2013, 28–28, imebaki sekunde moja. Alabama walijaribu teke la yadi 57, likawa fupi. Mpira wa teke lililokosa nguzo, ukidakwa ndani ya uwanja, uko hai. Chris Davis wa Auburn aliudaka ndani kabisa ya eneo lake la mwisho na kukimbia uwanja mzima: 34–28. Kwa nini hawakumkamata? Kikosi cha teke hujaa mapande ya watu waliowekwa kuzuia, si kukimbiza. Waonyeshe marudio, halafu rudisha tena waangalie miguu ya wale wakubwa.

Ya pili ni ya 2023. Auburn wanaongoza 24–20, wanapigiwa teke la kuachiwa mpira, mdakaji anaudondosha, Alabama wanaupata. Wakiwa karibu na goli, Alabama nao wanajirudisha nyuma kwa makosa mpaka yadi 31. Kizibo kimoja. Jalen Milroe akarusha pembeni kabisa ya eneo la mwisho, Isaiah Bond akadaka zikiwa zimebaki sekunde 32. Mtu akishayaona hayo mawili, hataaga saa 6:30.

Jezi na vijembe

Mitumba ya Krokoni au ya Memorial, Moshi, huwa na fulana za vyuo vya Marekani, ila soma nembo. Alabama ni nyekundu iliyokolea yenye A ya mwandiko wa mkono. Nyekundu yenye nguruwe ni Arkansas. Auburn ni bluu nzito na chungwa, herufi A na U zimeshikana. Chungwa lenye T kubwa ni Tennessee, na hapo utakuwa umevaa ya mtu mwingine kabisa.

Wa Alabama husema "Roll Tide", wa Auburn "War Eagle", na hujibiwa vivyo hivyo. Wagawe watu pande mbili kabla ya kuanza, hata kwa kura. Mtu asiye na timu husinzia. Na kama una mgeni Mmarekani mezani, usimtanie kuhusu miti. Auburn hushangilia kwa kurushia karatasi za chooni mialoni ya kona ya Toomer's mjini Auburn, na baada ya mechi ya 2010 shabiki wa Alabama aliimwagia sumu. Ilibidi ikatwe.

Chakula na kurudi

Nyama choma iive kabla ya saa 5, kwa sababu mchomaji naye atataka kutazama. Mapumziko ni dakika 20, yanatosha kugawa mtori na chai ya tangawizi kama vimeshachemka, hayatoshi kuanza kupika. Mechi ya saa 5:30 huisha karibu na saa 9 usiku, na saa hiyo bodaboda ni chache na bei hupanda. Elewaneni na madereva wawili watatu mapema, mkubaliane nauli kabla ya mechi, na uwaambie wasubiri simu badala ya saa maalumu, kwa kuwa muda wa nyongeza hauna kikomo.