Kusikiliza jemu ya roki kwa sikio la taarab

Mtu aliyelelewa na taarab nusu ya kazi ameshaimaliza. Anajua kukaa kimya mpiga udi au ganuni anapofungua taksimu, ile solo ya papo kwa papo, anajua kungoja, na sauti ikirudi nyumbani, yaani kwenye noti ambako muziki unatulia, anaijua bila kuambiwa. Jemu ya roki, yaani pale bendi jukwaani inapouacha wimbo uliotungwa na kupiga ya papo kwa papo, inataka sikio hilohilo. Tofauti kubwa ni moja, na ndiyo inayowapoteza wengi. Taksimu ni ya mtu mmoja na kwa kawaida haina mdundo wa kuhesabu. Jemu ni ya watu wanne, watano, hata saba, wanaotunga kwa pamoja juu ya mdundo usiosimama. Ukimfuata mpiga solo peke yake, umemsikia mmoja tu barazani na wengine wote umewapuuza.

Wala si sebene. Kwenye sebene mzunguko wa kodi (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mamlaka ya mapato) unakaa palepale, na yupo mtu wa kuita mageuzi kwa mdomo. Kwenye jemu hakuna anayeita. Mpigaji analeta pendekezo kwa noti, wenzake wanalichukua au wanaliacha lipite. Hicho ndicho cha kusikiliza: nani kapendekeza, na nani kaitika.

Vifaa

Spika ya simu haifai kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa kama Hz 41, na noti nyingi za besi ziko chini ya Hz 200, ambako spika ndogo ya simu haitoi kitu cha maana. Besi ndiyo inayoamua jemu iende wapi, kwa hiyo bila besi unabaki na mapambo matupu. Hedifoni za waya za bei ya kawaida, kama zile za soko la Darajani, Zanzibar, zinatosha, ila zijaribu kabla hujalipa: weka wimbo wenye besi nzito, sikiliza upande mmoja, kisha mwengine. Zikizidiana sauti, rudisha. Halafu vaa L kushoto na R kulia kama zilivyoandikwa, kwa sababu rekodi nyingi za jukwaani huweka gitaa moja upande huu na jengine upande ule. Spika moja ya bluetuthi inakoroga pande zote mbili, na hapo kuyatenga magitaa ni kazi.

Rekodi ipakue, usiisikilize ikiwa inavutwa mtandaoni. Dakika 23 za MP3 ya kbps 320 ni kama MB 55. Za kbps 128 ni kama MB 22. Tumia hizo 55. Faili ikibanwa sana, kinachoharibika mwanzo ni matoazi, yanakuwa kama samaki anayekaangwa, na matoazi ndiyo yanayokuonesha mpiga dramu anaelekea wapi.

Wakati mzuri ni baada ya Isha, ili usikatizwe na adhana. Panga la darini lizime au lipunguze, kwani mvumo wake unaifunika besi. Barazani usijaribu, salamu hazitakwisha. Sauti iweke asilimia 60 hivi na upumzike baada ya saa moja. Sikio lililochoka halitofautishi tena besi na dramu kubwa la mguu.

Rekodi tatu za kuanzia

Ya kwanza ni ya Grateful Dead, bendi ya California, walipopiga Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, tarehe 8 Mei 1977. Rekodi hiyo ilitolewa rasmi mwaka 2017. Tafuta pale Scarlet Begonias inapogeuka kuwa Fire on the Mountain bila kusimama. Wimbo huu wa pili una kodi mbili tu, B na A, zinazopokezana mwanzo hadi mwisho. Huna haja ya kujua gitaa. Baada ya dakika mbili sikio lenyewe linajua sasa tuko hapa, sasa tumehama. Kodi zikishakuwa nyepesi hivyo, unabaki na nafasi ya kuwasikia watu.

Ya pili ni Whipping Post ya The Allman Brothers Band, iliyorekodiwa ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971, dakika kama 23. Hii ni ya kufundishia kuhesabu. Besi inafungua kwa mapigo 11: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Piga goti kwenye kila "moja". Ukijikuta umechelewa, umeongeza "tatu" kwenye kundi la mwisho. Kila mtu huanguka hapo. Mwimbaji anapoanza kuimba, mapigo yanakuwa mafungu ya tatutatu yaliyo sawa, na mtu aliyezoea ngoma zetu atajiona amefika kwao.

Dark Star, ya Grateful Dead tena, iache ya mwisho. Kwenye santuri ilitoka mwaka 1968 ikiwa haifiki dakika 3. Jukwaani Fillmore West, San Francisco, tarehe 27 Februari 1969, ilichukua kama dakika 23, na ndiyo iliyomo kwenye albamu ya Live/Dead. Sauti ya nyumbani ni A. Beti ya kwanza inaimbwa karibu na dakika ya 6, ya pili inakuja mwishoni, na kilicho kati ya hizo mbili hakijaandikwa popote. Usitafute mdundo mzito: wapiga dramu ni wawili, lakini kwa muda mrefu utasikia zaidi vitu vya kukwaruza na kuchekecha.

Kusikiliza mara tano

Jemu moja isikilize mara tano. Si lazima usiku mmoja.

Mara ya kwanza sikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Ukichoka, angalia umechokea dakika ya ngapi, basi.

Mara ya pili mfuate mpiga besi, yeye tu. Mwanzoni utampoteza kila baada ya sekunde kumi, kwa sababu solo inavutia. Dawa yake ni kuvumisha noti za besi kwa kinywa kilichofungwa. Huwezi kuvumisha besi na ukafuata solo kwa pamoja. Angalia mambo mawili: lini ameacha kurudi kwenye noti ya nyumbani, na lini amepanda juu. Besi ikipanda, chini panabaki patupu, na muziki wote unahisi kama umenyanyuliwa. Mara nyingi hilo ni pendekezo la kuhama.

Mara ya tatu ni ya gitaa la ridhimu, na hii ndiyo ngumu. Mpiga ridhimu wa dansi anashika mkungʼuto mmoja na ukimwacha unamkuta palepale. Bob Weir wa Grateful Dead hafanyi hivyo: anatupia vipande vifupi, ananyamaza, anajibu solo pembeni. Ukiona hakuna ridhimu, tafuta upya. Huenda kile ulichodhani ni solo ya pili ndicho chenyewe.

Mara ya nne ni ya dramu. Usihangaike na kila pigo. Sikiliza mkono unaocheza na matoazi. Akiwa kwenye yale mawili yanayofungwa kwa mguu, sauti ni kavu na fupi. Akihamia toazi kubwa, sauti inatandaa na kulia. Kuhama huko karibu kila mara kuna maana, kuwa amesikia jambo na analipa nafasi. Andika dakika na sekunde.

Mara ya tano rudisha kila kitu pamoja, daftari mkononi, safu tatu: muda, nani, kafanya nini. "7:42, besi, kapanda. 7:50, toazi kubwa. 7:58, solo kageuka." Ukishakuwa na mistari mitatu inayofuatana hivyo, umeidaka jemu ikifanya kazi: aliyeanza si yule uliyemdhania, ni mpiga besi sekunde 16 kabla. Zoezi hili lifanye hasa kwenye rekodi ya Cornell, pale Scarlet Begonias inapogeuka. Andika sekunde unayokuwa na uhakika kuwa huu ni wimbo mpya, kisha rudi nyuma taratibu mpaka umkute wa kwanza aliyetoka kwenye ule wa zamani.

Yanayokwenda kombo

Si kila dakika ni dhahabu. Kuna kuzunguka: wote wanasubiriana, solo inarudia vifungu vilevile, besi imesimama. Dakika mbili za namna hiyo ni za kawaida. Zikifika tano, walikuwa hawana la kusema, na hakuna haja ya kuwatetea. Kugongana ni jambo jengine: mmoja amehamia sehemu mpya, wenzake wamebaki, na kwa mapigo manane hivi muziki unachubuka. Hapo usiruke. Sikiliza anayerudi nyuma na anayesogea mbele. Hutosikia ushahidi wa wazi kuliko huo kwamba hakuna kilichopangwa.

Kosa jengine ni la rekodi, si la bendi. Grateful Dead waliwaachia wasikilizaji warekodi, na kuanzia Oktoba 1984 waliwatengea sehemu yao maalumu ukumbini. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo muziki ukiruka ghafla katikati ya jemu, mtu alikuwa anageuza mkanda. Mwendo wa mkanda nao huteleza: ukijaribu kufuatisha kwa kinanda ukakuta kila noti imepanda kidogo, usilaumu sikio lako. Rekodi iliyovutwa kwenye meza ya sauti ni safi lakini kavu, na magitaa yanaweza kuwa madogo kuliko uimbaji, kwa sababu ukumbini spika zao wenyewe za jukwaani zilishatosha. Ya maikrofoni ya ukumbini ina mwangwi na besi imetanda, lakini unawasikia watu. Aliyekwishaona mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji anajua ukumbi nao unapiga muziki.

Ukiwa mbele ya jukwaa

Pakitokea bendi ya kupiga hivyo Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari au usiku mwengine wowote, usisimame mbele kabisa. Pale unasikia spika ya mpiga gitaa aliye karibu nawe na dramu, basi. Usiegemee ukuta pia: karibu na ukuta wa mawe besi inajikusanya, noti zote zinakuwa moja. Simama karibu na meza ya mchanganya sauti, hatua moja au mbili mbele yake, maana anachokipanga anakipanga kwa masikio yaliyopo hapo. Macho yaelekeze kwa mpiga dramu. Kabla ya mageuzi atanyanyua kichwa kumtazama mtu. Mfuate macho yake umjue ni nani.