Namna ya Kupanga Kete za Sataranji Ubaoni

Anayejifunza sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita, hutamani kujua upesi namna kete zinavyosogea, na upangaji wake huuona kuwa kazi ndogo ya kumalizwa haraka. Haraka hiyo huzaa makosa yanayogunduliwa mchezo ukiwa umefika katikati. Karibu makosa yote ya upangaji hutokana na mambo mawili: jinsi ubao ulivyoelekezwa na mahali alipowekwa malkia. Mwenye kuyashika hayo mawili hatapata shida na kete zilizobaki.

Tuanze na ubao, kabla kete hata moja haijatolewa kwenye mfuko. Ubao una miraba 64, yaani safu nane zenye miraba minane kila moja, myeupe na myeusi ikipishana. Wachezaji wakiketi wakitazamana, kila mmoja anatakiwa awe na mraba mweupe katika pembe iliyo karibu naye upande wa mkono wa kulia. Ikiwa ubao ni wa rangi nyingine, kwa mfano kahawia na maziwa, rangi iliyokoza huhesabiwa kuwa nyeusi na iliyofifia huhesabiwa kuwa nyeupe. Pembe ya mchezaji mmoja ikiwa sahihi, ya mwenzake nayo itakuwa sahihi. Mbao nyingi zimeandikwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8 pembeni, na mwenye kete nyeupe hukaa upande wa namba 1, herufi a ikiwa kushotoni kwake. Hata hivyo, zipo mbao ambazo herufi zimechapwa mahali pasipo pake, kwa hiyo ni vyema kuamini rangi ya pembe kuliko maandishi.

Ubao uliogeuzwa huharibu zaidi ya sura ya mchezo. Kwa kuwa malkia hufuata rangi ya mraba, pembe ya kulia ikiwa nyeusi mfalme na malkia hubadilishana nafasi, na mchezo mzima huwa kama taswira ya kwenye kioo: mianzo yote, yaani mipango ya hatua za kwanza, ambayo mchezaji amejifunza huelekea upande usio wake, na aliyezoea kuandika hatua zake atajikuta anaandika miraba isiyolingana na anachokiona.

Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Ngome hutambulika kwa kichwa chake kinachofanana na mnara wa boma, farasi kwa kichwa cha mnyama huyo, na askofu kwa kichwa kilichochongoka chenye ufa ubavuni. Askari ni kete ndogo kuliko zote. Wanaowachanganya wanaoanza ni mfalme na malkia, kwa sababu wote wawili ni warefu na wamevaa taji. Mfalme ndiye mrefu zaidi, na kwa kawaida ana msalaba kichwani, ilhali taji la malkia lina meno meno kuzunguka ukingo wake.

Panga safu iliyo karibu nawe kwa kuanzia pembeni ukielekea katikati. Ngome mbili ziweke kwenye pembe, farasi waweke ubavuni mwa ngome, na maaskofu wafuate baada ya farasi. Hapo itabaki miraba miwili katikati, mmoja mweupe na mmoja mweusi, nayo ni ya mfalme na malkia. Malkia hukaa kwenye mraba wenye rangi yake: malkia mweupe juu ya mraba mweupe, malkia mweusi juu ya mraba mweusi. Mfalme huchukua mraba uliobaki, ambao kwa lazima ni wa rangi tofauti na yake. Askari wanane hujaza safu ya pili yote mbele yao. Aliyezoea drafti, ambamo kete hukaa kwenye miraba ya rangi moja tu, akumbuke kwamba hapa safu zote mbili hujazwa bila kuruka mraba.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kila mchezaji kumweka malkia kushotoni mwa mfalme. Kwa mwenye kete nyeupe hilo ni sahihi, lakini kwa mwenye kete nyeusi malkia hukaa kuliani mwa mfalme, kwa kuwa yeye anautazama ubao kutoka ng'ambo. Ukimaliza kupanga, fuata kwa macho mistari miwili ya katikati kutoka upande wako hadi wa mwenzako: malkia lazima amtazame malkia kwenye mstari wa d, na mfalme amtazame mfalme kwenye mstari wa e. Mfalme akikutana na malkia, mmoja wenu amekosea.

Kanuni za Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, zinalipa suala hili uzito unaostahili. Katika mchezo wa kawaida wa mashindano, ikigundulika kwamba kete zilipangwa vibaya tangu mwanzo, mchezo hufutwa na mwingine huanzishwa. Lakini ikiwa ni ubao tu uliogeuzwa, mchezo huendelea baada ya kete kuhamishiwa kwenye ubao uliowekwa sawasawa. Katika michezo ya kasi mambo ni magumu zaidi: kila mmoja akishacheza hatua kumi, hakuna tena nafasi ya kulalamika kuhusu mpangilio, na mchezaji ambaye mfalme wake aliwekwa pasipo pake hupoteza haki ya hatua ile ambayo mfalme na ngome husogea pamoja kwa zamu moja. Ni hasara kubwa, kwani hatua hiyo ndiyo kinga kuu ya mfalme mwanzoni mwa mchezo.

Mwisho, kila kete isimame katikati ya mraba wake, isiguse mstari. Uso wa farasi unaweza kuelekea upande wowote upendao. Kete ikisogea kidogo baada ya mchezo kuanza, subiri zamu yako na useme "narekebisha" kabla ya kuigusa, la sivyo kanuni itakulazimu kuicheza kete hiyo ikiwa ina hatua halali.