Choo kikikataa: ndoo, mtungi na maranda

Kabla ya kutafuta ndoo, jua kilichokataa ni maji au ni bomba la maji taka. Wengi hapa Nairobi huyachanganya mambo haya mawili, na mgao wa maji wa siku mbili unaishia kuinukisha nyumba bila sababu.

Kama ni maji tu yamekosekana, choo bado kinafanya kazi. Chukua lita 5 au 6 za maji ya kufulia, simama, uyamwage yote kwa mkupuo mmoja katikati ya bakuli. Ukiyatia polepole yatajipitia tu na uchafu ubaki palepale, kwa sababu kinachovuta ni kasi ya maji. Yatumie siku hiyo hiyo, maana maji ya sabuni yakilala hunuka kuliko choo chenyewe. Mkojo unaweza kungoja mara tatu au nne kabla ya kumwagiwa maji. Kinyesi kisingoje.

Bomba likiziba, au mvua za masika zikijaza mabomba na maji taka yakaanza kurudi kupitia tundu la bafuni, usimwage hata kikombe. Kinachomwagwa ghorofa ya nne huibukia kwa jirani wa chini, kwa hiyo msimamizi wa ploti awaarifu wapangaji wote mara moja. Wa chini aweke juu ya tundu mfuko wa kitambaa uliojaa mchanga wenye unyevu, wa kilo 5 hivi. Hapo sasa ndipo ndoo inahitajika.

Ile harufu inayochoma macho hutoka pale mkojo unapokutana na kinyesi. Bakteria huivunja urea ya mkojo ikawa amonia, na unyevu huzuia hewa kupenya, uozo ukazidi. Kwa hiyo vitenganishe tangu siku ya kwanza: ndoo ya kinyesi, mtungi wa mkojo.

Ndoo nzuri ni ile ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Ipake alama kubwa isije ikarudi kutekewa maji. Tandika chini maranda makavu, kina cha sentimita 5. Kila anayemaliza afunike kwa kikombe kimoja, mpaka kinyesi kisionekane kabisa, kisha arudishe kifuniko. Chagua maranda laini ya msumeno, kwa kuwa yale mapana ya randa huacha mianya na nzi hupita. Fundi seremala yeyote wa jua kali anayo kwa gunia. Majivu ya jiko pia hukausha vizuri, na unaweza kuyachanganya na maranda nusu kwa nusu, ila yalale usiku mzima kwanza: kaa moja lililo hai huwasha maranda na kutoboa ndoo. Anayeharisha afunikiwe kwa vikombe viwili au zaidi. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kiingie humo, maana kina vijidudu kama cha mtu mzima.

Kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kuchuchumaa, kata tundu la sentimita 25 kwenye kiti kigumu cha plastiki, laini kingo zake kwa msasa, uisukume ndoo chini yake.

Familia ya watu watano hutoa takribani lita 3 kwa siku, maranda yakiwemo. Ndoo ingeweza kukaa siku tano, lakini imwage kila baada ya siku tatu, au mapema ikifika robo tatu. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja hivi, na ndoo iliyojaa humwagika kwenye ngazi. Mkojo ni mwingi zaidi, lita 6 au 7 kwa siku, kwa hiyo tumia mtungi wa lita 10 wenye faneli na uumwage kila jioni.

Umwage wapi? Choo cha shimo kinapokea vyote viwili. Choo cha umma cha kuflashi hakipokei maranda wala majivu, kwani yatakiziba. Kama hicho ndicho ulicho nacho karibu, badala ya maranda tia maji ya sabuni kina cha sentimita 2 tu ndani ya ndoo, bana kifuniko, elewana na mhudumu na umwage kila siku. Mkojo pia unaweza kumwagwa kwenye udongo mwekundu, mbali na kisima. Udongo mweusi wa Embakasi hauunyonyi, utatuama tu.

Tafadhali usifunge kinyesi kwenye mfuko ukautupa jalalani au mtoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, lakini hata bila sheria hiyo, kuna mtu wa kuzoa taka atakayeufungua kwa mikono mitupu.

Usimwage Jik, yaani dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ndani ya ndoo wala mtungi. Klorini ikikutana na mkojo hutoa gesi inayoumiza mapafu. Jik ni ya sakafu: osha kwanza kwa sabuni, kisha paka kikombe 1 cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, uache dakika 10, madirisha yakiwa wazi. Kando ya ndoo tundika kibuyu mchirizi, yaani chombo cha kunawia mikono kinachotiririsha maji kidogo kidogo, na sabuni.

Mtu akiharisha maji meupe kama ya mchele, hicho huenda ni kipindupindu. Mpe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) papo hapo na umpeleke hospitali, na ndoo yake isimwagwe kwenye mtaro.

Harufu ikibaki hata ndoo ikishaondoka, kagua tundu la bafuni na sinki. Zikikaa wiki kadhaa bila maji, ile kona ya bomba hukauka na hewa ya maji taka hupanda. Bomba likishazibuliwa, mimina nusu lita ya maji katika kila tundu, kisha kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia juu yake, maji yasikauke haraka.