Kanuni za Msingi za Tenisi ya Mmoja dhidi ya Mmoja

Anayeingia uwanja wa tenisi kwa mara ya kwanza huchanganywa na wingi wa mistari. Katika mchezo wa mmoja dhidi ya mmoja, uwanja una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23, na mistari ya pembeni iliyo nje zaidi isikusumbue, kwa kuwa hiyo ni ya wanaocheza wawili wawili. Mpira ukigusa mstari, hata kwa ukingo wake tu, umeingia.

Rusheni sarafu. Mshindi huchagua kuanzisha au kupokea, ama huchagua upande wa uwanja na kumwachia mwenzake uamuzi ule mwingine.

Mpigo wa kuanzia ndio unaostahili kujifunzwa kwa subira kuliko mingine yote. Mwanzishaji husimama nyuma ya mstari wa mwisho, kulia kwa alama ya katikati kwa pointi ya kwanza na kushoto kwa pointi ya pili, akibadilisha hivyo hadi gemu, yaani sehemu ya mchezo yenye pointi kadhaa, imalizike. Huurusha mpira hewani na kuupiga kabla haujagusa ardhi, nao sharti uvuke wavu na kudunda katika kisanduku cha kuanzia, yaani mstatili uliochorwa karibu na wavu, kilicho mshazari na alipo yeye. Ana majaribio mawili. Akikosea yote, pointi ni ya mpinzani. Kuukanyaga mstari kabla ya kupiga ni kosa pia. Mpira ukigusa wavu kisha ukatua katika kisanduku sahihi, jaribio hilo hurudiwa bila adhabu. Hakuna kanuni inayodai mpira upigwe kutoka juu ya kichwa, kwa hiyo anayeanza anaweza kuupiga kutoka chini bila kuvunja sheria yoyote, na kwa maoni yangu ni bora afanye hivyo kuliko kupoteza gemu nzima kwa makosa ya kuanzia.

Mpokeaji lazima auache mpira wa kuanzia udunde mara moja. Baada ya hapo kila mmoja aweza kuupiga ukiwa hewani au baada ya kudunda mara moja tu. Utapoteza pointi mpira ukidunda mara mbili upande wako, ukiupiga nje au kwenye wavu, ukikugusa mwilini, au wewe au raketi yako mkigusa wavu wakati mpira ungali unachezwa.

Hesabu ya pointi katika gemu huanza na sifuri, kisha 15, 30 na 40, na alama za mwanzishaji hutajwa kwanza. Mkifikia 40 kwa 40, gemu haiishi mpaka mmoja ashinde pointi mbili mfululizo: ya kwanza humpa faida, na akiipoteza inayofuata, mnarudi palepale penye usawa. Gemu inayofuata huanzishwa na yule aliyekuwa akipokea, na pande hubadilishwa baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo.

Seti, yaani mfululizo wa gemu, huchukuliwa na anayetangulia kushinda gemu 6 kwa tofauti ya gemu mbili. Kwa 6 kwa 5 mnaendelea. Kwa 6 kwa 6 huchezwa taibreki, yaani gemu ya kuamua seti, ambayo pointi zake huhesabiwa moja, mbili, tatu, hadi mmoja afike 7 akiwa mbele kwa mbili. Anayeanza huanzisha pointi moja, kisha kila mmoja huanzisha pointi mbili mbili. Bila taibreki seti yaweza kurefuka mno: huko Wimbledon mwaka 2010, John Isner alimshinda Nicolas Mahut 70 kwa 68 katika seti ya tano, katika pambano lililochukua saa 11 na dakika 5.

Mechi nyingi huamuliwa kwa seti mbili kati ya tatu. Pasipokuwa na mwamuzi, kila mchezaji hutangaza mipira inayoangukia upande wake, mara moja na kwa sauti ya kusikika, na mpira asio na hakika nao huuhesabu kuwa umeingia.