Namna ya Kuandaa na Kutunza Kituo cha Chambo cha Dubu Mweusi katika Misitu ya Maine

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, sehemu kubwa ya dubu weusi wanaowindwa kila mwaka hupatikana kwenye vituo vya chambo, yaani mahali panapowekwa chakula cha kuwavuta. Sababu yake ni msitu wenyewe: miti imesongamana kiasi kwamba hatua ishirini mbele huoni kitu, na dubu husikia na kunusa kuliko mwindaji yeyote. Wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2014, kama njia hii ipigwe marufuku pamoja na mbwa na mitego, na mara zote mbili walikataa. Wanaoipinga hudhani kuwa ni njia ya mkato. Kwa anayeifanya kwa uaminifu, ni kazi ya mwezi mzima ya kubeba, kunuka na kungoja, na thamani yake kubwa ni kwamba humpa mwindaji nafasi ya kumtazama mnyama kwa utulivu kabla ya kuamua lolote. Nawaandikia wasemaji wa Kiswahili waliohamia Portland, Lewiston na miji ya jirani, ambao wangependa kuijua kazi hii kabla ya kuijaribu.

Hatua ya 1: Ruhusa na sheria

Sehemu kubwa ya msitu wa Maine ni mali ya watu binafsi na makampuni ya mbao, kwa hiyo muone mwenye ardhi kabla ya kununua hata ndoo moja. Chambo hakiruhusiwi kuwekwa zaidi ya siku 30 kabla ya msimu kufunguliwa, na msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Agosti. Uwindaji wa kwenye chambo huendelea kwa takriban wiki nne tu. Kituo kiwe zaidi ya yadi 50, yaani karibu mita 46, kutoka njia inayopitika kwa gari, na zaidi ya yadi 500 kutoka kambi ya watalii, jalala au nyumba inayokaliwa, isipokuwa mwenye nyumba amekupa idhini ya maandishi. Kibao cha inchi 2 kwa 4 chenye jina na anwani yako lazima kionekane hapo. Jumapili hakuna kuwinda. Soma kijitabu cha sheria cha mwaka husika kinachotolewa na Idara ya Uvuvi wa Bara na Wanyamapori, kwa kuwa kanuni hurekebishwa.

Hatua ya 2: Mahali

Tafuta kichaka kizito kilicho karibu na maji au kinamasi, kwani dubu hapendi kuvuka uwazi mchana. Jua upepo wa jioni huvuma kutoka wapi, halafu panga kituo ili wewe ukae upande ambao upepo unaelekea kwako kutoka kwenye chambo. Kumbuka pia kwamba utapabebea mizigo kwa mgongo wiki nyingi. Mahali pazuri sana usipoweza kupafikia ukiwa na ndoo mbili mikononi hapafai.

Hatua ya 3: Pipa

Pipa la chuma la lita 200 ndilo linalotumika zaidi. Toboa tundu la kupitisha mkono wa dubu, kisha lifunge kwenye mti imara kwa mnyororo na kufuli. Usipofunga, atalibingirisha bondeni na kula kwa raha zake mahali usipomwona. Panga magogo mazito kwa umbo la V mbele ya tundu, ili anayetaka kula alazimike kusimama ubavu ukiwa upande wako. Pipa ni kipimo pia: likisimamishwa lina urefu wa sentimita 88 hivi, na dubu ambaye mgongo wake unalingana na mdomo wa pipa akiwa kwa miguu minne ni mkubwa kweli.

Hatua ya 4: Chambo chenyewe

Donati na mikate iliyochacha, bisi, nafaka zilizochanganywa na molasi, na mafuta ya kukaangia chipsi yaliyokwisha kutumika: hivi ndivyo vyakula vya kawaida. Zungumza na waoka mikate mapema, maana ifikapo Julai kila mwindaji anawatafuta. Mafuta mwaga chini kuzunguka pipa. Dubu huyakanyaga na kwenda nayo msituni, na wenzake hufuata nyayo zile kwa pua mpaka kituoni. Kwa harufu ya mbali, chemsha asali kwenye jiko dogo la gesi mpaka iungue, moshi wake upande na upepo.

Chokoleti usitumie kabisa. Mwaka 2014, katika jimbo jirani la New Hampshire, dubu wanne walikutwa wamekufa kwenye kituo kimoja kwa sababu ya sumu ya theobromini iliyomo kwenye chokoleti, na jimbo hilo likaipiga marufuku kwenye vituo vya chambo. Nyama iliyooza nayo huleta funza na nzi kuliko dubu.

Hatua ya 5: Kutunza kituo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chambo kinapaswa kujazwa kila siku au kila baada ya siku mbili, saa ileile, mvua inyeshe isinyeshe. Agosti kuna mbu, na nyigu hujaa kwenye molasi kiasi kwamba kufungua mfuniko ni jambo la kufikiria mara mbili. Harufu ya mafuta ya kukaangia hushika nguo, viatu na viti vya gari, na watu dukani husogea pembeni foleni ikiwa bado ndefu. Tenga nguo za kazi hii peke yake na uziweke kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko.

Wageni wasioalikwa hutangulia: rakuni, kunguru, na kuchakuro wanaobeba donati nzima juu ya mti na kuisahau kwenye panda la tawi. Weka kamera inayopiga picha yenyewe, lakini ndani ya sanduku la chuma. Dubu hupenda kutafuna plastiki, na picha za mwisho za kamera isiyolindwa hufanana zote: pua iliyojaza kioo, kisha ulimi, kisha giza. Hata hivyo hakuna raha kama kuzitazama picha hizo jioni. Utamwona dume zito limeketi kwa makalio kama mzee barazani, tumbo mbele, likichota bisi kwa kiganja. Au mtoto amezama pipani mpaka kiunoni, miguu ikipiga hewa, mama yake akiwa amempa mgongo.

Baadhi ya miaka dubu hutoweka ghafla. Mara nyingi ni kwa sababu rasiberi, bluberi au njugu za miti ya biichi zimezaa sana, na chakula cha porini anakipenda kuliko donati zako. Usiongeze chambo kwa hasira. Endelea kidogo kidogo.

Hatua ya 6: Ulingo na kungoja

Ulingo uwe mita 4 hadi 6 juu ya mti, mita 15 hadi 20 kutoka kwenye pipa, na mkanda wa usalama ufungwe tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Dubu aliyezoea kituo hujua sauti ya gari lako, na husubiri karibu mpaka liondoke. Kwa hiyo njooni wawili, zungumzeni kwa sauti, gongeni ndoo; kisha mmoja apande ulingoni kimya na mwingine aondoke na gari. Mara nyingine vumbi halijatua, naye amekwisha kufika.

Kaa bila kutikisika hata mbu akiwa kwenye kope. Dubu haji kwa kishindo: unatazama kichaka kitupu, unapepesa, na yupo.

Hatua ya 7: Kumtambua na kupiga

Subiri dakika kadhaa kwanza, kwa sababu watoto huweza kuchelewa nyuma ya mama, na jike lenye watoto liachwe. Masikio yanayoonekana makubwa na kukaribiana ni ya dubu mdogo; ya mkubwa huonekana madogo, yamekaa pembeni mwa kichwa kipana. Piga pale tu ubavu ulipo wazi na mguu wa mbele umesogea mbele, ukilenga nyuma ya bega. Mwanga ukipungua, shuka bila kupiga.

Hatua ya 8: Baada ya mawindo

Septemba bado kuna joto, hivyo mchune mara moja na uipoze nyama kwa barafu. Msajili kwenye kituo cha usajili ndani ya saa 18, ambapo jino moja huchukuliwa ili wanabiolojia wajue umri wake. Nyama ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu dubu hubeba minyoo ya trikinela. Pipa, mnyororo, kibao na masalia yote lazima yaondolewe kabla ya tarehe 10 Novemba. Nenda na mifuko imara na koleo, kwa kuwa udongo uliolowa mafuta nao hufaa kuchimbwa na kubebwa, la sivyo dubu ataendelea kuufukua.